Siku sita, siku tatu au klabu ya wikendi: mazoezi gani ya mbio ndefu yanamfaa mtu mwenye kazi yake?

Mtu mwenye ajira, familia na foleni ya asubuhi akiamua kujiandaa kwa nusu marathoni, yaani kilomita 21, swali lake la kwanza huwa ni akimbie mara ngapi kwa wiki. Majibu yapo tele, na mengi yametolewa na watu ambao kazi yao ni kukimbia. Mimi ningemuuliza kwanza analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, na mchana anakula nini. Mwili haupati nguvu wakati wa kukimbia. Wakati huo unachoka tu: akiba ya wanga kwenye misuli inapungua na nyuzi za misuli zinachanika kidogo kidogo. Nguvu huja baadaye, ukiwa umelala na umeshiba. Kwa hiyo njia ninazozilinganisha hapa nazipima kwanza kwa mapumziko zinayodai, na kama mtu wa kawaida anaweza kuyapata.

Tuanze na wale tunaowaiga. Katika kambi ya Kaptagat, Kenya, anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, ratiba inajulikana hadi vijiweni: Jumanne kasi uwanjani, Alhamisi mbio ndefu ya kilomita 30 au 40, Jumamosi fatileki, yaani kubadilisha kasi njiani. Watu huzikariri siku hizo tatu na kuzisahau zilizobaki, ambazo ni za kukimbia kwa upole. Husahau pia mchana wa pale. Wakitoka mazoezini wanakunywa chai, wanakula, wanalala. Kazi kubwa iliyobaki ni kufua na kusafisha kambi kwa zamu. Sasa mchukue karani wa Dar es Salaam anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Ratiba ya Jumanne anaweza kuinakili. Usingizi wa mchana hana pa kuutoa.

Kwa mtu huyo ziko njia tatu ambazo watu wengi huchagua, wakijua au bila kujua.

Siku tano au sita, nyingi za polepole

Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani aliyefanya kazi yake Norwei, alichunguza namna wanamichezo wakubwa wa ustahimilivu wanavyojifua: wapiga makasia, watelezaji wa theluji, waendesha baiskeli, wakimbiaji. Akaona jambo linalojirudia. Takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi, na asilimia 20 tu ndivyo vigumu kweli. Katikati, kwenye ule mwendo wa kuhema kiasi ambao wengi wetu tunauita mazoezi, hawakai sana.

Njia ya kwanza imejengwa juu ya hilo. Unakimbia siku tano au sita; nne au tano kati ya hizo ni nyepesi, moja ina kasi. Wepesi hapa una kipimo chake: uweze kusema sentensi nzima, hata kumsimulia mwenzako yaliyotokea jana kazini, bila kukatwa na pumzi. Kama kilomita 10 unazimaliza kwa saa moja, yaani dakika 6 kwa kilomita, basi siku nyepesi ni dakika 7 kwa kilomita, au zaidi. Mwendo huo unaaibisha kidogo. Utapitwa na mama aliyevaa kandambili anayewahi daladala. Vumilia.

Ubora wake ni kwamba hauli mwili. Mapigo madogo ya mara kwa mara yanaukomaza moyo, yanaongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kuufundisha mwili kutumia mafuta badala ya kumaliza wanga mapema. Ukikosa siku moja kwa sababu mtoto anaumwa, hakuna kilichoharibika, kwa kuwa hakuna siku iliyobeba mzigo wote.

Ubaya wake ni saa. Vipindi vinne vya dakika 40 hadi 50, na mbio ndefu ya dakika 90 hadi 120 mwishoni mwa wiki, ni saa nne na nusu au tano hivi, bila kuhesabu kuoga na kufua nguo. Saa hizo kwa mtu wa kazi hutoka alfajiri, na alfajiri hutoka kwenye usingizi. Anayeamka saa kumi ili apate saba kamili za usingizi lazima awe amelala saa tatu usiku. Si amezima taa akishika simu; amelala. Nyumba ngapi zinaruhusu hivyo?

Kwa mkimbiaji wa pwani lipo na jambo la joto. Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zina unyevu mwingi hewani kiasi kwamba jasho linamwagika badala ya kukauka, na jasho lisipokauka halipoozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi na wakati huohuo kuilisha misuli, ndiyo maana mwendo uliokuwa mwepesi Julai unakuwa mgumu Februari. Anayeng'ang'ania saa yake imwambie dakika 7 anageuza siku nyepesi zote kuwa ngumu bila kujijua. Fuata pumzi, acha saa. Mwili huzoea joto kwa kiasi kikubwa ndani ya siku 10 hadi 14 ukipewa nafasi, lakini hata ukizoea bado utakuwa mzito kuliko msimu wa baridi.

Siku tatu, kila moja na kazi yake

Njia ya pili ilipata umaarufu kutoka Chuo Kikuu cha Furman, jimbo la South Carolina, Marekani. Unakimbia mara tatu tu kwa wiki: siku ya intavali, yaani vipande vifupi vya kasi vyenye mapumziko katikati, siku ya mwendo wa kati ulio mgumu lakini unaoweza kuushikilia, na siku ya mbio ndefu. Siku nyingine mbili unafanya zoezi lisilokanyagisha miguu ardhini: baiskeli, kuogelea, mashine ya makasia.

Kwenye karatasi, hii ndiyo njia ya mtu mwenye kazi. Kila baada ya mbio miguu inapata angalau siku moja ya kupumua, alfajiri za kuamka mapema ni chache, na hakuna dakika inayopotea. Najua wanaume na wanawake waliopita umri wa miaka 45 ambao magoti yao yamewaambia wazi kwamba siku sita hayazitaki, na njia hii imewabakiza barabarani.

Tatizo la kwanza ni kwamba siku zote tatu ni ngumu. Hakuna kipindi cha kufanya huku umechoka. Ukilala kwa saa tano tu usiku wa Jumatatu, Jumanne intavali zitakuwa mbovu, na ukizilazimisha utazilipia Alhamisi. Hapo ndipo watu hudanganyika: wanadhani siku chache maana yake ni mapumziko kidogo. Ni kinyume. Kipindi kigumu kinadai usingizi mwingi na chakula kingi baada yake kuliko mbio mbili nyepesi.

La pili ni kano. Pumzi na misuli huimarika haraka. Baada ya wiki sita mtu anajiona mpya. Kano, mishipa inayoshikilia viungo na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana anayeanza kukimbia akiingia moja kwa moja kwenye intavali huishia na maumivu ya ugoko au ya kano ya kisigino, mapafu yakiwa bado yanataka zaidi. Asiyekuwa na miezi mitatu au minne ya kukimbia polepole bila maumivu aiache njia hii kwanza.

Na la tatu ni zile siku mbili za baiskeli na kuogelea ambazo kila mtu anaziruka. Bwawa lina kiingilio, baiskeli barabara ya Morogoro katikati ya malori ni ujasiri wa aina nyingine, na jimu ni ada ya mwezi. Ukiziondoa, unabaki na kilomita chache zilizojaa kasi, na huo si mpango wa Furman tena. Kuna mbadala ambao hauhitaji pesa: kupanda ngazi kwa mwendo wa kawaida, kutembea haraka dakika 45, na mazoezi ya nguvu nyumbani, kama kuchuchumaa, kupanda kwa vidole vya miguu juu ya ngazi, na kujishikilia kwa viwiko tumbo likiwa limekazwa. Kwa hayo ya nguvu, dakika 20 mara mbili kwa wiki zinatosha. Kama ingebidi nimwambie mkimbiaji afanye jambo moja zaidi ya kukimbia, ningemwambia hilo kabla ya kunyoosha viungo.

Klabu ya wikendi

Tofauti na hizo mbili, hii haikuandikwa na mtu yeyote. Imezaliwa mitaani. Jumamosi au Jumapili alfajiri, kundi la fulana za rangi moja, nyimbo, filimbi, kilomita 8 hadi 12, halafu supu na chapati. Temeke, Kinondoni na Ilala zimejaa klabu za joging, na mwisho wa mwezi zinaalikana kwenye bonanza.

Wajuzi wa mtandaoni huidharau njia hii. Siwaungi mkono, kwa sababu moja kubwa: inamtoa mtu kitandani. Programu ambayo mtu anaifuata kwa miaka inashinda ile anayoifuata kwa wiki tano. Kwa mwanamke anayetaka kukimbia kabla jua halijachomoza, klabu pia ni usalama, na hakuna saa ya mkononi inayoweza kumpa hilo. Gharama ni fulana na mchango mdogo.

Lakini kama maandalizi ya kilomita 21, peke yake haitoshi. Kundi linaongozwa na wenye kasi, waliobaki wanakimbizana nao, na kwa hiyo kila mmoja anatumia saa nzima katika mwendo uleule wa katikati ambao Seiler aliuona wakubwa wakiukwepa. Ni mgumu kiasi cha kumchosha mtu, na bado si mgumu kiasi cha kumwongezea kasi. Halafu zinafuata siku tano au sita za kukaa ofisini, na wikendi inayofuata miguu inaanza upya. Wanaokimbia Jumamosi na Jumapili mfululizo kisha kimya hadi Ijumaa ndio ninaowasikia wakilalamikia magoti mara nyingi zaidi.

Huhitaji kuihama klabu ili kurekebisha hilo. Kaa na kundi la nyuma. Ihesabu siku ya klabu kuwa mbio ndefu na uongeze dakika 20 za polepole kundi likisimama. Kisha weka mbio mbili fupi katikati ya wiki, Jumanne na Alhamisi, za dakika 30 hivi. Hapo una siku tatu, karibu zote nyepesi, na supu juu.

Ukiziweka njia hizi ubavu kwa ubavu, ya kwanza inadai saa nyingi lakini inakusamehe ukilala vibaya siku mojamoja. Ya pili inadai saa chache na haikusamehe. Ya tatu inadai kidogo, inarudisha kidogo, ila ndiyo pekee yenye watu ndani yake. Kwa majeraha, ya pili ndiyo ya kuogopwa na anayeanza, ya kwanza ndiyo ya kuogopwa na mwenye tabia ya kugeuza kila mbio kuwa mashindano.

Unakokwenda kushindana nako kunabadilisha hesabu. Wengi wa pwani hulenga Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambayo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Maana yake wiki nzito za maandalizi zinaangukia kwenye joto lile nililolisema. Tena njia ya nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka kabla ya kugeuka na kushuka mjini. Anayefanya mazoezi yote kwenye Daraja la Tanzanite na ufukwe wa Coco huijua pumzi ya kupanda siku hiyohiyo, na mapaja ya kushuka kesho yake. Kushuka ndiko kunakochana misuli zaidi, kwa sababu paja linafanya kazi ya breki huku likivutwa. Njia yoyote utakayochagua, itolee siku moja kwenye vilima, Pugu, Goba au Mlimani, na ushuke kwa hatua fupi.

Mapumziko: kinacholipa na kisicholipa

Usingizi hauna mshindani hapa, na sitautafutia. Mtu mzima anashauriwa kulala saa saba au zaidi, na anayejifua anahitaji kuelekea kwenye "zaidi" hiyo. Ukilazimika kuchagua kati ya kuamka kukimbia baada ya kulala kwa saa nne na nusu tu, au kuendelea kulala, lala. Hilo halihesabiki kuwa uvivu. Usiku mmoja mbaya si kitu. Usiku wa tatu mfululizo futa kipindi kigumu na weka kutembea. Mwezi wa Ramadhani mfungaji naye ana chaguo lake: wapo wanaokimbia dakika 30 hadi 40 kabla tu ya futari ili maji yawe karibu, na wapo wanaosubiri hadi baada ya tarawehe. Kwa mbio nyepesi, njia ya kwanza inatosha na haili usiku. Kipindi cha kasi ningekipeleka baada ya futari, au ningekiacha hadi Idi. Mwezi mmoja wa mbio nyepesi tupu haumpunguzi mtu kiasi anachodhani.

Chakula kina mjadala mrefu zaidi kwa sababu kuna kitu cha kuuza. Unga wa protini wa kopo unalinganishwaje na chakula cha nyumbani? Mkimbiaji wa kilo 65 akilenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, anahitaji kama gramu 104 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, yai moja 6, glasi ya maziwa 8, kipande cha samaki au nyama cha gramu 100 kilichopikwa 25 au zaidi, na dagaa wakavu wana protini nyingi sana kwa uzito wao. Hesabu inafika bila kopo, mradi protini isisubiri chakula cha usiku. Kosa la kawaida la mlo wa mfanyakazi ni asubuhi ya chai na maandazi mawili, mchana chipsi, na nyama yote usiku. Igawe. Kopo lina faida moja tu ya kweli: linabebeka. Kama huna namna ya kula ndani ya saa mbili baada ya mazoezi, linafaa. Vinginevyo mayai mawili na ndizi za kuchemsha zinafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini.

Wanga nao usiogopwe. Kuna wakimbiaji wanaokata ugali na wali ili kuondoa kitambi huku wakiongeza kilomita, kisha wanashangaa miguu kuwa mizito. Anayejifua kama saa moja kwa siku anahitaji gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya mwili. Kwa yule wa kilo 65 ni kuanzia gramu 325, na gramu 100 za unga wa mahindi zina kama 75. Ukipungukiwa, misuli haijai tena kabla ya mbio inayofuata. Kama ni kitambi, punguza soda na mafuta ya chipsi, ugali uache pale.

Kwa wanawake hasa, kuna madini ya chuma. Damu ikipungua, hakuna programu itakayokusaidia. Utaona uchovu usioisha na mapigo ya moyo yanayopanda kwa mwendo mdogo. Maharage, mboga za majani na dagaa vina chuma, lakini chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula inazuia mwili kukinyonya. Iache chai kwa saa moja au mbili, na kula chungwa au embe badala yake, kwa kuwa vitamini C inasaidia. Vipimo vya damu hospitali ni vya bei nafuu kuliko raba mpya.

Kuhusu maji, kuna kambi mbili: kunywa kwa ratiba hata kama huna kiu, na kunywa kwa kiu. Kwa mkimbiaji wa polepole nashika ya pili. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza na kukuta asilimia 13 wana sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ya chini kuliko kawaida, hasa kwa kunywa kupita kiasi. Hali hiyo ikizidi huua. Aliye hatarini zaidi ni anayekaa barabarani zaidi ya saa nne akisimama kila meza ya maji. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi. Ukirudi mwepesi kwa kilo moja hivi, uko sawa. Kula chakula chenye chumvi yake ya kawaida na unywe taratibu.

Maji ya barafu, masaji na kunyoosha viungo navipitia haraka. Barafu inapunguza maumivu ya siku mbili za mwanzo, lakini ikifanywa kila baada ya mazoezi ya nguvu inapunguza ukuaji wa misuli, kwa hiyo iwekee siku za mashindano yanayofuatana. Masaji inapunguza maumivu kidogo na inapendeza. Kama una pesa, sawa. Kunyoosha viungo baada ya mbio hakupunguzi maumivu ya kesho kwa kiasi cha kuzungumziwa. Kutembea dakika 20 jioni kunashindana na vyote vitatu, na ni bure.

Dawa za maumivu ndizo zinazonitia hofu. Kuna desturi ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mashindano "ili miguu isisumbue", na duka la dawa linakuuzia bila swali. Dawa hizo zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mbio ndefu juani yenye upungufu wa maji inafanya hivyohivyo. Ukiviunganisha unaziweka figo pabaya. Tena zinaficha maumivu yaliyokuwa yanakuambia jambo. Misuli inayouma pande zote mbili na kuisha ndani ya siku tatu ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa, unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, yanayozidi ukikimbia, hayo ni ya daktari na mapumziko, kwa sababu huenda mfupa umeanza kupasuka. Na homa ya aina yoyote, iwe malaria au mafua mazito, inasimamisha mazoezi yote hadi iishe na siku kadhaa zipite, kwani maambukizi yanaweza kufika kwenye moyo.

Saa za mkononi zinazotoa alama ya mapumziko kila asubuhi zina msaada kwa anayependa takwimu. Daftari la shilingi mia chache lina msaada karibu uleule: andika saa ulizolala, mapigo ya moyo kabla ya kutoka kitandani, na neno moja la hali uliyoamka nayo. Mapigo yakipanda siku tatu mfululizo na neno likawa "hoi", punguza. Kanuni ya mapigo ya juu kuwa 220 ukitoa umri ni ya wastani tu na inaweza kumkosea mtu kwa mapigo 10 na zaidi kila upande, kwa hiyo usiifanye msahafu hata kama saa yako inaitumia.

Nani achukue ipi

Mwalimu anayeishi karibu na shule, anayelala saa tatu na nusu usiku na ana jioni zake, achukue siku tano za polepole. Ndiye aliyejengewa njia hiyo.

Karani wetu wa Mbagala achukue siku tatu, lakini si za Furman. Jumanne dakika 40 nyepesi zenye vipande sita vya dakika moja vya kasi ndani yake, Alhamisi dakika 35 nyepesi tupu, Jumapili mbio ndefu na klabu yake, kundi la nyuma. Nguvu nyumbani mara mbili, usiku, kabla ya kuoga. Akishafika miezi minne bila maumivu, ndipo Alhamisi igeuke kuwa mwendo wa kati, na hapo tu kama amehamia karibu na kazi au ameanza kulala mapema.

Aliyekwisha kukimbia nusu marathoni kadhaa, mwenye usingizi mzuri lakini muda mfupi, na mwenye baiskeli au bwawa karibu, huyo Furman ni yake. Asiongeze siku ya nne ya kukimbia kwa sababu anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya zile siku mbili.

Na muuguzi wa zamu asifuate kalenda ya mtu yeyote. Wiki ya zamu za usiku aihesabu kuwa wiki ya kupunguza: mbio mbili fupi nyepesi baada ya kuamka mchana, kasi hakuna, na mbio ndefu isogezwe hadi siku ya pili ya mapumziko yake, hata kama ni Jumatano na wenzake wote wako kazini.